Lita 33 za Jamis: mila za Wafremen na mantiki yake

Katika riwaya ya Dune, Stilgar, kiongozi wa Wafremen, anaingia barazani kwa mtawala mpya wa Arrakis, sayari ya jangwa, anaisogelea meza, anainama, anatema mate juu yake. Walinzi wanaruka, mikono iko kwenye visu. Anayewazuia ni mwenzao mmoja, Duncan Idaho, ambaye amewahi kukaa jangwani na watu wa Stilgar. Anamshukuru mgeni kwa zawadi ya unyevu wa mwili wake, kisha naye anatema mate pale pale, mbele ya bwana wake.

Mzee wa Kimaasai akisimuliwa tukio hili hatashangaa sana. Kwao mate ni baraka: mtoto mchanga hutemewa, bibi harusi hutemewa na babake siku ya kuondoka nyumbani. Ila Stilgar hakuja kubariki. Alikuja kulipa. Alichokiacha mezani ni mali, tena mali ya bei kali kuliko kitu chochote kilichokuwamo chumbani humo, na mtu anayelielewa hilo ameshaelewa sehemu kubwa ya mila za Wafremen.

Wafremen ni watu wa kubuni. Aliyewabuni ni Frank Herbert, mwandishi wa magazeti wa Marekani. Mwaka 1957 alikwenda karibu na mji wa Florence, jimbo la Oregon, kuangalia jinsi serikali ilivyokuwa ikipanda nyasi ili kuzuia vilima vya mchanga visifukie barabara na nyumba. Makala aliyokusudia kuandika haikutoka. Badala yake, mwaka 1965 kilitoka kitabu kinene, Dune, kuhusu sayari isiyojua mvua na watu wanaoishi humo. Filamu za 2021 na 2024 zimewafikisha watu hao kwa watazamaji wengi zaidi, na wengi wanaotoka sinema wana maswali mawili vichwani. Kwa nini hawa wanakamua maji kwenye maiti? Na je, hawa ni Waislamu? Swali la kwanza lina jibu fupi kuliko linavyoonekana. La pili lina mtego.

Kwanza tuondoe kosa dogo. Wafremen huitwa wahamaji, lakini si wahamaji wa hema na mifugo. Hawana ngamia, hawana mbuzi wa kufuatia malisho. Makao yao ni mapango yaliyofungwa kwa vizuizi vya kutunza unyevu, na kila pango la jamii huitwa sietch, neno ambalo Herbert alilitoa kwa Wakosaki wa Ukraine, walioita ngome yao sich. Wanahama wanaposakwa na maadui au kazi inapowaita kwingine, na wanasafiri juu ya mnyoo. Najua, kwa Kiswahili neno mnyoo linaleta picha ya mtoto na dawa ya kutafuna. Huyu wa Arrakis ana urefu wa mamia ya mita na anameza mashine nzima za kuvunia viungo, zao ghali la sayari hiyo. Wafremen humwita kwa kigongeo kinachopiga mchanga, humpanda kwa kulabu anapopita, na humwendesha mpaka achoke. Ndiyo maana safari yao hupimwa kwa vigongeo: mahali fulani ni mwendo wa vigongeo 20, maana yake utachosha minyoo 20 kabla ya kufika. Wazee wetu waliopima njia kwa siku za kutembea wangeona kipimo hiki kina akili.

Sasa maji. Mtu wa Arrakis akitoka nje bila suti ya kuchuja anakufa. Suti hiyo imeshonwa kwa tabaka kadhaa: jasho linapita, chumvi inachujwa, maji yanakusanyika kwenye vifuko na kurudi mdomoni kwa mrija ulio karibu na shingo. Haja ndogo na kubwa husafishwa humo humo, kwenye sehemu za mapaja. Haina betri, kwa sababu pampu zake zinaendeshwa na kupumua na kwa kisigino kinapokanyaga. Unavuta pumzi kwa mdomo na kuitoa kwa pua, ambako kuna vijirija vya kudaka unyevu usiponyoke. Ikivaliwa sawasawa, mtu hupoteza maji ya kujaza kastabini moja ya fundi cherehani kwa siku nzima.

Watu wanaohesabu pumzi zao namna hiyo hawawezi kuwa na mazishi kama yetu. Ukimzika mtu mchangani, umemwaga ndoo kadhaa za maji ya jamii. Kwa hiyo kanuni yao inagawa mtu sehemu mbili: mwili ni wa mwenyewe, maji ni ya kabila. Akifa, maji yanarudi yalikotoka. Wana mtambo wa kazi hiyo, na wana neno lake, huanui.

Hapa ndipo anapoingia Jamis. Paul Atreides, kijana wa miaka 15, amekimbilia jangwani na mama yake baada ya baba, yule mtawala mpya, kuuawa, na kundi la Stilgar linawapokea. Jamis, mmoja wa wapiganaji, ameaibishwa na kijana huyo kwenye purukushani ya kwanza, na anadai pambano la kisu. Wanapigana bila suti. Paul, ambaye hajawahi kuua mtu, anamuua. Kisha anaambiwa kwamba maji ya Jamis ni yake. Anashtuka, na msomaji anashtuka naye, mpaka Chani, msichana wa kundi hilo, anapomweleza sababu: waliopigana walikuwa mwili wazi, jasho lote limekwenda na upepo, kwa hiyo mshindi hurudishiwa alichopoteza. Sheria inayosikika kama ya wala watu ni sheria ya fidia.

Maji ya Jamis yanapimwa: lita 33 na kidogo. Herbert anataja hata vipande vya dramu, kipimo kidogo cha kimiminika, vilivyobaki, kwa sababu watunza maji wa Kifremen hawakadirii. Nimeipigia hesabu namba hiyo. Karibu asilimia 60 ya mwili wa mwanaume mzima ni maji, kwa hiyo lita 33 zinatoka kwa mtu wa kilo 55 hivi. Jamis alikuwa mkavu, kama Wafremen wote. Ukimweka kwenye madumu ya lita 20 yanayopangwa bombani mitaani kwetu, hajazi mawili.

Paul hapewi maji yenyewe mkononi. Anapewa pete za chuma za ukubwa tofauti, kila pete ikisimama badala ya kiasi fulani, na maji yanaingia kwenye ghala la kabila. Ni kama salio la M-Pesa: fedha ziko mahali, wewe umebeba namba. Pete hizi zina kazi kwenye uzazi, kwenye msiba na kwenye uchumba, na Paul anajikwaa papo hapo. Hajui zinavyobebwa, zinagongana na kupiga kelele, basi anamwomba Chani amshikie. Kimya kinatanda. Kwa Wafremen, mwanaume kumpa msichana pete zake za maji ni kama kutuma posa. Stilgar ndiye anayeliokoa jambo: mgeni hajui, mshikie tu, bila ahadi yoyote, mpaka afundishwe.

Msiba wa Jamis nao una utaratibu wake. Vitu vya marehemu vinawekwa chini. Mmoja mmoja anasimama, anasema alikuwa rafiki wa Jamis, anataja tendo moja alilomfanyia, anachukua kitu kimoja. Muuaji naye anatakiwa asimame. Paul anasimama, anasema Jamis amemfundisha kwamba ukiua, unalipa. Sauti inakatika na machozi yanatoka. Pango zima linanong'ona kwa mshangao kwamba anampa marehemu unyevu, na mikono inanyooshwa kumgusa shavu kuhakikisha. Kwetu machozi msibani ni ya bure, na asiyelia husemwa. Kwao mtu aliyelia ametoa sadaka ambayo hakuna mwenzake yeyote pale angethubutu kuitoa.

Ukifika hapo unaweza kuwapenda Wafremen kupita kiasi, kwa hiyo niseme na la pili. Jamis aliacha mke, Harah, na watoto wawili. Nao wanakwenda kwa mshindi, pamoja na vyombo vya kahawa vya marehemu. Paul anapewa mwaka mmoja wa kuamua kama Harah atakuwa mke au mtumishi, na anachagua utumishi. Jamis mwenyewe alikuwa amempata Harah kwa njia hiyo hiyo, kwa kumuua mume wa kwanza. Wanawake wa Kifremen wanapigana vitani, na mwenye sauti ya mwisho katika dini yao ni mwanamke, lakini kisu kikishaamua, mwanamke anahesabiwa pamoja na buli. Mantiki ya maji haielezi hili. Inaeleza kwa nini mjane na watoto hawaachwi bila mlishaji, basi. Mengine ni ubabe wa kawaida tunaoujua.

Kitu kinachochukuliwa pambanoni, kwa lugha yao, ni ghanima. Neno tunalo. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoanza kutembea ndani ya kitabu hiki kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani: fanicha anaijua, ila imepangwa vingine.

Mwishoni mwa kitabu kuna orodha ya maneno, imewekwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Sisi tunaweza kuipita nusu yake. Ilm ni elimu. Hajra, safari ya kutafuta, ni hijra. Sayyadina, mwanamke wa daraja la kidini, ni sayyida. Vazi la jubba mashehe wa pwani wanalo. Wapiganaji walioapa kufa, Fedaykin, wana asili moja na fidia. Salamu yao ni subakh ul kuhar, jibu lake subakh un nar, na mtu wa Unguja au Mombasa anasikia sabalkheri iliyopita mikono mingi. Lisan al-Gaib, jina la mtu aliyetabiriwa, kitabu kinalitafsiri kama sauti kutoka ulimwengu wa nje, lakini anayezijua lisani na ghaibu anasikia kitu kizito zaidi: ulimi wa visivyoonekana.

Mengine yanapotosha. Naib, kiongozi wa sietch, si naibu wa mtu. Ndiye mkubwa, na amepanda kwa kumshinda mkubwa aliyemtangulia. Kitabu kinasema ni mtu aliyeapa kutokamatwa hai na adui. Njia ya neno hili kufika Arrakis inavutia. Katika milima ya Kaukasia, Imam Shamil, aliyepigana na Urusi mpaka 1859, aligawa nchi yake kwa manaibu, makamanda walioongoza wilaya kwa niaba yake. Herbert alisoma kitabu cha 1960 kuhusu vita hivyo na akachota humo kwa mikono miwili. Chakobsa, lugha ya siri ya Wafremen, ni jina la lugha ya wawindaji wa Kaukasia. Kanly, uhasama wa damu kati ya koo za kitabu, ni neno la huko huko. Kwa hiyo anayewaona Wafremen kuwa Mabedui waliobadilishwa sayari amekosea nusu. Lugha yao imejaa Kiarabu, lakini vita vyao vimenuka milima ya Shamil.

Na Muad'Dib, jina analochagua Paul? Ni panya mdogo wa jangwani anayejua kujitengenezea maji. Stilgar analisifu jina hilo kwa kuwa panya huyo wanamwita pia mfundisha vijana. Anayejua adabu na adibu anaona kwamba Herbert hakubahatisha. Kwa Kiarabu muaddib ni mwalimu hasa, yule wa kumfunza mtoto adabu.

Basi ni Waislamu? Kitabu kinawapa asili ya Zensunni, mchanganyiko wa Usuni na Zen ya Kibuddha uliozaliwa baada ya miaka maelfu, na historia ya kufukuzwa sayari hadi sayari, huku kila kizazi kikikariri kwamba tulinyimwa Hija. Wana Mahdi, wana jihadi, wana bila kaifa, msemo wa wanateolojia wa Kiislamu unaomaanisha kukubali bila kuuliza namna, na kwao umekuwa kama amina. Lakini hakuna Kurani mikononi mwao, mwanamke ndiye mkuu wa ibada, na mnyoo anaheshimiwa kama mkono wa Mungu. Kilele cha ibada yao ni kunywa maji ya uzima, sumu anayoitoa mnyoo mchanga anapozamishwa majini, baada ya mkuu huyo kuigeuza mwilini mwake. Ukimpa imamu wa mtaani kwako maelezo hayo hatawatambua. Jibu langu ni kwamba ni watu waliobaki na msamiati wa dini baada ya kuipoteza njia, na msamiati huo ndio uliotumiwa kuwanasa.

Maana kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Bene Gesserit, shirika la wanawake lenye mkono katika kila ikulu, lina kitengo ambacho kazi yake ni kupanda ngano kwenye sayari maskini, na ngano hizi ni za kusimuliwa, si za kusaga unga. Kinapanda utabiri: atakuja mama na mwanawe, watajua siri zenu, atawakomboa. Lengo si kumkomboa mtu. Ni kwamba siku moja mwanamke wa shirika akikwama huko, akute mlango uko wazi. Jessica, mama yake Paul, anakwama kweli. Mfanyakazi wa nyumba, Mapes, mwenye cheo cha Shadout, yaani mchota maji, anamwonyesha kisu kilichochongwa kwa jino la mnyoo na kumuuliza kama anajua maana yake. Jessica anajua anapimwa, na jibu baya ni kifo. Anaanza kusema ni mwumba wa kifo, na kabla hajamaliza Mapes anapiga ukelele, kwa sababu mwumba ndilo jina lao la siri la mnyoo. Nusu ya sentensi imetosha. Nyingine angeikosea.

Lakini ngano haioti popote. Inataka udongo, na udongo huo uliandaliwa na mgeni mwingine. Pardot Kynes alikuwa mtaalamu wa mazingira wa serikali ya kifalme. Akawaokoa vijana wa Kifremen waliozingirwa na askari, kisha akaenda nao kwenye sietch na kuanza kuhubiri nyasi: jangwa hili linaweza kuwa kijani, maji yapo, minyoo wadogo ndio wameyafungia chini. Wazee wakaamua auawe, kwa kuwa amejua mengi. Wakamtuma mtu aitwaye Uliet na kisu. Kynes, akiwa katikati ya mahubiri, akamwambia asimame pembeni, akaendelea kuongea. Uliet akapiga hatua tatu, akajiangusha juu ya kisu chake mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

Kynes hakuwadanganya kuhusu muda. Aliwaambia miaka 300 hadi 500. Nadhani hii ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika kitabu, na filamu zimeipa dakika chache: kabila zima linakubali kulala na kiu kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyepo atakayewaona. Wanatega umande. Wanajenga mitego ya upepo ya kudaka unyevu. Wanalipa rushwa ya viungo kila mwaka kwa chama cha wasafirishaji wa angani, ili pasiwekwe setilaiti za kuchungulia wanachopanda kusini. Maji ya Jamis yanamiminwa kwenye birika la chini ya ardhi lenye zaidi ya dekalita milioni 38, na birika hilo ni moja kati ya maelfu. Kwa hesabu ya mtaani, ni shehena ya maboza 38,000 ya lita 10,000, na hakuna mkono unaojaribu kuchota, hata wa mwenye kiu ya kufa.

Sasa weka hadithi mbili pamoja. Mtaalamu ameahidi pepo ya kijani baada ya vizazi vingi. Watunzi wa ngano wameahidi Mahdi atakayewapeleka peponi. Paul anapofika, watu wanasikia ahadi moja. Na Mahdi ana faida ambayo hesabu ya Kynes haina: yeye anaweza kuja kesho.

Filamu ya 2024 imeuona mgogoro huu na kuutatua kwa kuwagawa Wafremen, wa kusini washika dini na wa kaskazini wenye shaka, huku Chani akiwa mkanushaji wao mkuu. Kwenye kitabu hakuna mgawanyiko huo. Chani mwenyewe amewekwa wakfu kuwa Sayyadina, na anaamini. Neno jihadi, ambalo kitabu kinalitumia waziwazi, filamu zimelikwepa na kusema vita vitakatifu. Nawaelewa watengenezaji, lakini kumpa mtazamaji kundi la wenye akili la kujiunga nalo kunampunguzia uchungu. Kitabu hakikupi pa kujificha: wale wale waliokuvutia kwa nidhamu ya maji ndio wanaotoka, miaka michache baadaye, na kuchinja sayari hadi sayari. Kitabu cha pili, cha 1969, kinataja idadi ya waliokufa: bilioni 61.

Na pepo ilikuja. Kwenye vitabu vinavyofuata kijani kinapanda, maji yanapita wazi, vijana hawakazi tena mikanda ya suti, na wazee wanawatazama kwa hasira wasiyoweza kuieleza. Minyoo, ambao maji ni sumu kwao, wanaanza kutoweka. Zaidi ya miaka 3,000 baadaye jangwa limebaki kipande kimoja kilichohifadhiwa kwa makusudi, na pembeni yake wanaishi watu wanaoitwa Wafremen wa Makumbusho. Wanavaa mavazi, wanarudia maneno, wanacheza mila mbele ya wageni bila kujua zilikuwa za kazi gani. Katika nchi hiyo sasa kuna mto. Unaitwa Idaho, jina la yule mlinzi aliyejibu mate kwa mate.